Mupira Kwanza, Filta Baadaye

Mama yangu alikuwa anachagua maharage bila kuyaangalia. Nianzie hapo, ingawa nyinyi vijana mliniomba habari za gari. Kwetu Kyarumba jiko lilikuwa na moshi na kidirisha cha kupitisha kuku, na yeye anakaa na ungo magotini, anaongea na jirani aliyesimama mlangoni, wanamsengenya mke wa katekista, wanacheka, na vidole vyake vinatembea peke yao ndani ya maharage. Tik, jiwe limetupwa. Wanaendelea kusengenya. Tik, jiwe lingine. Siku moja nikamuuliza anaonaje. Akasema, "Jiwe ni baridi. Harage halina baridi ile." Nikatia mkono wangu ungoni nitafute hiyo baridi. Sikuipata. Mama akacheka mpaka jirani naye akasahau mke wa katekista.

Maharage hayo tulikuwa tunayateremsha mlimani kichwani, na kahawa vilevile, mpaka kwenye barabara, maana gari halikuwa linafika kwetu. Ukiteleza, mzigo unatangulia na wewe unaufuata. Halafu mwaka mmoja, mimi nimeshakuwa mtu mzima, nimeoa, nina shamba langu dogo la kahawa, tukasikia kitu kinanguruma huko bondeni. Kikawa kinapanda. Watu wakaacha majembe. Lilikuwa gari la kijani lililokwaruzika pande zote, magurudumu yote manne yanavuta, linapanda kama mbuzi, na udongo mwekundu umelifunika mpaka kwenye vioo. Dereva akashuka, akapiga boneti kofi, akasema, "Jaja hashindwi na mlima." Jaja ndilo jina walilolipa gari hilo, kwa Kiganda ni bibi au babu. Lilikuwa gari la zamani hata wakati ule.

Watu wengine walitazama magurudumu. Mimi nilikwenda nikanusa. Ile harufu ya oili ya moto na udongo wa kwetu vikichanganyika, mimi siwezi kuieleza, mke wangu mpaka leo anasema niliolewa na gari siku ile. Msimu wa kahawa ulipokwisha nikashuka Bwera, mji wa mpakani, kutafuta gari hilo linalala wapi.

Lilikuwa linalala kwenye gereji ya Hajji. Hajji alikuwa mchuuzi wa kahawa na msafirishaji, kanzu nyeupe kila siku, na miaka ile sikuwahi kuona tone la oili kwenye kanzu hiyo, ni miujiza. Akaniangalia kutoka juu mpaka chini.

"Unajua nini, ssebo?" Ssebo ni bwana kwa Kiganda.

"Sijui kitu, Hajji."

"Vizuri sana. Wale wanaojua ndio wameniulia magari. Nenda kwa Papa Kambale."

Papa Kambale alikuwa fundi mkuu. Mtu wa ng'ambo, wa Kongo, alivuka daraja la Mpondwe zamani na begi la spana na hakuna aliyemuuliza alikotoka, kwa sababu lugha ya nyumbani ni ile ile yetu. Mfupi, kofia ya sufu hata kwenye jua, mikono mipana kama koleo. Aliposikia naitwa Bwambale akapiga kelele gereji nzima isikie, "Majina wangu!" Kongo wanamwita hivyo mtu mwenye jina lako. Kwetu mtoto wa kiume wa pili ni Bwambale, ng'ambo ya mto ni Kambale, jina ni moja, mto tu ndio umepita katikati. Tangu hapo hakuniita kitu kingine. Majina.

"Majina, lala chini ya Jaja," akasema. "Funga macho. Tafuta filta ya oili."

Nikasema sijawahi kuiona hiyo filta.

"Ndiyo vile ninasema funga macho. Hauijui na macho, utaijua na mukono. Iko duara, iko bati, iko kama kopo ya maziwa."

Nikapeleka mkono. Nikagusa kitu. Akauliza kina nyaya? Kina nyaya. "Ile ni dinamo, iko muzee wa heshima, umuache." Nikagusa kingine, kikaniunguza nikaruka nikapiga kichwa kwenye chasisi. "Ile ni egzosi. Egzosi inajitambulisha yenyewe." Ndilo bomba la moshi. Mafundi wakacheka. Nikatulia, nikapeleka mkono polepole upande wa pili, juu ya lile bamba la chuma linalokinga tumbo la gari lisipasuliwe na mawe. Udongo mkavu ukanimwagikia usoni. Halafu vidole vyangu vikapata kitu cha duara chenye baridi kidogo kuliko vingine vyote. Injini ilikuwa imezimwa muda, na bati linapoa haraka kuliko chuma kizito. Wallahi, ingawa mimi si Mwislamu, niliuona ungo wa mama pale chini ya gari.

"Hii hapa, Papa. Ina baridi."

Kisha akasema, "Nani alikufundisha baridi?"

"Mama yangu. Kwenye maharage."

"Basi mimi sina kazi mingi na wewe," akasema, na kwa sauti yake nilijua nimepata kazi.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe, kwa sababu wengine mnasoma hapa na hamjawahi kujipaka oili. Filta ya oili ni kopo la bati, ndani kuna karatasi iliyokunjwakunjwa. Oili inazunguka kwenye injini kama damu, inapita kwenye karatasi ile, uchafu unabaki. Gari la lami linaweza kuvumilia filta iliyochoka. Gari la kwenda Kyondo na Kyarumba haliwezi, linakula vumbi kiangazi na matope masika. Unawasha injini kidogo oili ipate moto na kuwa nyepesi. Unazima. Unafungua bolti ya chini, oili inashuka kwenye beseni, nyeusi. Kisha unaizungusha filta itoke, kwa mkono, na ikikataa, kwa mnyororo wake. Kuna mafundi wanaichoma bisibisi kutoka ubavu mmoja mpaka wa pili na kuizungusha hivyo. Papa Kambale akimwona mtu anafanya hivyo alikuwa anauliza, "Na mama yako, ukimuamsha asubuhi, unamuchoma bisibisi?"

Halafu ndipo kinakuja kitu chenyewe. Mdomoni mwa filta kuna mpira, pete nyembamba, ndiyo inayozuia oili isivuje pale filta inapokalia. Filta ya zamani ikitoka, mpira unatakiwa utoke nayo. Lakini safari nyingine mpira unajigandisha kwenye injini, unabaki pale, mweusi juu ya weusi, huuoni. Ukifunga filta mpya, inakuwa mpira juu ya mpira. Utawasha gari, halivuji. Utalizungusha gerejini, halivuji. Litatoka, litapanda mlima, presha ya oili itapanda, mpira wa chini utateleza na kutoka nje kama ulimi, na oili yote itamwagika barabarani kabla dereva hajamaliza wimbo anaoimba. Injini bila oili inakamata, vyuma vinashikana. Imekufa hiyo.

Kwa hiyo pale gerejini kulikuwa na sheria. Ukutani kulikuwa na msumari mkubwa. Ukitoa filta, unautafuta mpira wa zamani, unapitisha kidole mduara mzima pale inapokalia, na mpira unautundika kwenye msumari watu wauone. Mpaka utundikwe, filta mpya haigusi injini. Papa alikuwa anasimama na filta mpya mkononi kama padri na kikombe, anasema, "Mupira kwanza." Unatundika. Ndipo anakupa. Unapaka mpira mpya oili kwa ncha ya kidole, unafunga kwa mkono tu mpaka mpira uguse, kisha nusu mzunguko na kidogo. Basi. Msumari ukijaa, mipira ile tulikuwa tunawapa watoto wa jirani, na wanawake walifungia mifuko ya unga. Bwera nzima ilikuwa imefungwa na mipira ya Papa Kambale.

Baadaye Hajji alifungua gereji ya pili Kasese, mjini, akanipeleka. Kasese ni joto, spana iliyolala juani huishiki bila kitambaa. Mkubwa wangu huko alikuwa Foromani, mtu mzuri, tumbo kubwa, alinifundisha kusoma namba za vipuri na mimi shuleni niliishia mahali pa kujua kuandika jina langu tu. Ila yeye aliamini kukaza. "Bwambale, unaifunga hiyo filta au unaibembeleza? Kaza!" Alikuwa anakuja nyuma yangu na mnyororo anakaza, na mimi nikienda nyuma yake nalegeza, na tulikaa hivyo kwa amani miaka mingi. Walikuwa wanakuja pia magari ya jeshi. Afande mmoja alikuwa anafungua mlango kabla gari halijasimama. "Fundi! Saa ngapi tayari? Sitaki hadithi!" Nikamwambia afande, bado natafuta mpira wa zamani. "Mpira gani? Hapa ni uwanja?" Nilimuonyesha. Akauangalia muda mrefu, akauweka mfukoni. Sijui aliupeleka wapi.

Nilijifunza mengi Kasese, lakini nikiinama chini ya gari nilikuwa nasikia ile sauti haipo. Majina. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto na nilimtamani mzee wa watu kama mtoto anavyotamani nyumbani. Kwa hiyo Hajji aliponipigia simu nirudi Bwera, sikuuliza mara mbili.

Nikamkuta Papa Kambale amepungua. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, kila mtu alijua, alikuwa anakunywa chai bila sukari na kuilaumu. Lakini kingine sikujua. Siku za kwanza nilimuona ameweka mkono kwenye egzosi ya moto huku ananieleza jambo, mkono umetulia pale. Nikasikia harufu. Nikamvuta. Alitazama kiganja chake kilivyobabuka kana kwamba ni cha mtu mwingine.

"Papa, hausikii?"

"Ninasikia," akasema. Kisha akageuka kuona kama Hajji yuko karibu. "Majina, usiseme."

Sikusema. Mnaelewa alichoniomba. Mtu yule hakuwa na shamba, hakuwa na mke upande huu, watoto wake walikuwa wametawanyika huko Kongo na vita. Alikuwa na vidole tu. Hajji akijua vidole vimekufa ganzi, Papa Kambale si fundi tena, na kama si fundi, ni mzee tu aliyelala kwenye chumba cha nyuma ya gereji ya mtu. Basi nikaanza kufanya hivi: akitoa filta, mimi najipenyeza, "Papa, ngoja nipanguse hapo pana matope," na napitisha kidole changu. Mpira ukiwa umebaki, nautoa, nampa mkononi, anautundika yeye. Anasema kwa sauti, "Mupira kwanza!" Hakuna aliyejua. Yeye alijua. Hatukuwahi kulizungumza. Siku nyingine akinipa filta mpya alikuwa anaishikilia kidogo kabla hajaiachia, na hiyo ndiyo ilikuwa asante.

Tulikwenda hivyo mpaka nikafikiri tunaweza kwenda hivyo siku zote.

Kabla ya kufika mwisho niwaambie nilivyo sasa, maana nikishasema ile siku sitakuwa na hamu ya kusema kingine. Nimestaafu. Hajji amezeeka, gereji inaendeshwa na wanawe, vijana wazuri, wananisalimia shikamoo ingawa Bwera hatusalimiani hivyo sana. Magari mapya ya milimani mengine hayana kopo la bati, kuna kifuniko cha plastiki na karatasi tu ndani, na filta iko juu, huhitaji hata kulala chini. Kijana anatafuta picha kwenye simu, picha inamwonyesha mshale. Si vibaya. Mshale unafika haraka. Mimi naenda asubuhi, nakaa kwenye tairi, wananipa chai. Wakati mwingine wakilileta gari la zamani wananiita, "Mzee Bwambale, njoo utusikilizie," na mimi nalala chini kwa shida, magoti yananung'unika, nafunga macho. Napenda sana dakika ile. Mkono unakwenda na mimi nangojea mtu aseme, ile ni dinamo, iko muzee wa heshima.

Baada ya siku ile nilimtafuta Papa Kambale. Nilivuka kwenda Kongo mara nyingi siku za soko, nikauliza Kasindi kwa wauza spana, nikauliza madereva wanaotoka Beni. Simu yake ilikuwa inaita mwanzoni, kisha ikaacha. Mmoja akaniambia amemwona mzee wa kofia ya sufu anauza mafuta ya taa. Nikaenda. Hakuwa yeye, ingawa nilinunua mafuta.

Basi siku ile. Nilikuwa nimekwenda Karambi kumzika mjomba. Msiba ni msiba, huwezi kusema una gari la kutengeneza. Niliporudi ilikuwa siku ya soko, mchana, Bwera imejaa wachukuzi na ndizi, na kabla sijafika gereji nikaliona Jaja linavutwa kwa kamba nyuma ya lori la mchanga. Oili imelipaka kutoka tumboni mpaka nyuma. Nilikwenda moja kwa moja kwenye msumari. Mipira ilikuwepo, ya magari mengine, myembamba. Wa Jaja ni mnene, ningeujua. Haukuwepo.

Dereva, Baluku, yule yule aliyempiga Jaja kofi Kyarumba miaka ile, alikuwa anasimulia kwa kila mtu. "Limekojoa oili yote kama mbuzi aliyeona chui! Nimeligonga kwenye ukingo lisirudi nyuma, magunia yamenishukia shingoni!" Alikuwa anacheka, kisha anaanza tena kutoka mwanzo. Watu walikuwa wamepanda juu ya magunia yale. Walishuka wazima, Mungu mkubwa.

Hajji alikuja na kanzu yake. Nikaifungua filta mbele yake. Mipira miwili, mmoja juu ya mwingine, wa chini umetoka kama ulimi.

"Nani alifunga filta hii?"

"Ni mimi, Hajji," nikasema.

Hajji akanitazama. "Bwambale, ssebo, wewe ulikuwa Karambi unazika mjomba wako. Uliifunga kwa simu?"

Mafundi wengine walitaka kucheka wakajizuia. Papa Kambale alikuwa amesimama nyuma. Akaja mbele, akachukua ile mipira kutoka mkononi mwangu. Akaizungusha kati ya vidole, polepole, mduara mzima, kama alivyonifundisha. Uso wake ulikuwa kama wa mtu anayesikiliza wimbo wa mbali. Alizungusha tena. Kisha akasema, taratibu, kwangu mimi peke yangu ingawa wote walisikia:

"Majina. Iko moja ao iko mbili?"

Nilitaka kusema moja. Mungu anajua nilitaka.

"Iko mbili, Papa."

Akatikisa kichwa. Hajji hakuwa mtu mbaya, kanzu yake ilikuwa imegusa oili na hakuiangalia. Akasema, "Papa Kambale, kaa chini. Utasimamia vijana, mikono yao itafanya." Papa akasema, "Aksanti, Hajji." Akaenda ukutani, akaupapasa ukuta mpaka akapata msumari, akaitundika mipira yote miwili. Akanawa mikono kwa sabuni ya unga na mchanga, kama kila jioni, lakini ilikuwa mchana. Akajipangusa kila kidole.

"Unakwenda wapi, Papa?"

"Nafika pale mutoni, nione watu ya soko. Wewe angalia Jaja."

"Nikusindikize?"

"Majina, soko si Kinshasa. Angalia gari."

Spana zake aliziacha kwenye kisanduku. Kwa hiyo sikumfuata. Mtu haachi spana zake. Nikasimama mlangoni nikamwangalia anateremka barabara ya Mpondwe, kofia ya sufu kati ya mikungu ya ndizi, mikono ameitia mifukoni yote miwili, yeye ambaye sikuwahi kumwona na mikono mifukoni. Mchukuzi mmoja akampisha. Akafika pale barabara inapoinama kuelekea darajani, na akaendelea kutembea.